Daftari la Njiani

Siku ya kwanza: watu mia na ishirini na sita,
farasi kumi na wanne, mmoja chongo,
viatu vya majani jozi mia tisa.
Mimi Sugae, mshika daftari wa nyumba ya Toriumi,
naandika huku natembea,
kidau cha wino kimefungwa kiunoni.

Bwana wetu yumo ndani ya machela nyeusi,
magoti kayakunja, kichwa kinagonga paa
kila wachukuzi wakikanyaga jiwe.
Wakulima wanalala kifudifudi matopeni.
Wanadhani mle ndani mna mwezi.
Mna mtu wa miaka arobaini na mitatu,
jino linamwuma upande wa kushoto.

Watuoneao wivu hawajui hesabu.
Himaya yetu ni bonde moja na nusu ya jingine.
Miaka mitatu kiangazi kilikuja na baridi,
mpunga ukasimama wima,
haukuwa na uzito wa kuinamia.
Shogun akatusamehe safari.
Sasa msamaha umekwisha, sheria imerudi:
mwaka nyumbani, mwaka Edo,
na mke wa Bwana na mwanawe
wakae Edo siku zote, wageni wasioruhusiwa kuaga.
Rehani ikivishwa hariri haiitwi rehani.

Tumekopa Osaka, kwa mwuza mchele
ambaye kadiri deni linavyopanda
ndivyo anavyozidi kutuinamia.
Mavuno ya mtondogoo tumekwisha kuyala.
Bwana alitia muhuri bila kusoma.
Mimi niliyesoma
nilitoka nje nikatapika.

Siku ya tisa: mto umefurika.
Siku nne tumekaa ukingoni. Watu wanakula,
farasi wanakula, na mto haudaiki.
Usiku akaniita.
"Sugae, tuuze nini?"
Nikataja mapazia. Nikataja msitu wa mianzi.
Nikataja panga za babu yake, sauti ikanifia kooni.
Akacheka. "Niuze mimi."
Kisha, kama mtu aliyejisikia akisema,
akanyamaza, akaomba chai.
Ukubwa jaa, wahenga walisema;
sikuwahi kuliona jaa likiomba chai.

Siku ya kumi na tano, kwenye mji wa wachonga mbao,
machela ilisimama bila sababu.
Mkono ukatoka paziani, ukaonyesha kidole:
farasi wa mti, mwekundu, mkia wa katani.
Sarafu nane. Nikalipa.
Muuzaji hakujua mkono ule ni wa nani;
alidai kumi kwanza.

Kituo cha mwisho kabla ya Edo
tulikodi watu hamsini, mabarakala wa gulioni,
tukawavisha nembo yetu, korongo juu ya mawimbi,
wakabeba masanduku matupu
wakigumia njia nzima. Kugumia nako kulikuwa na bei yake.
Mji ukatoka kututazama.
"Toriumi wamestawi," nilimsikia mama mmoja akisema.
Kilemba kizuri hicho, cha ukoka.
Ilipofika jioni niliwavua nembo mmoja mmoja, nikazihesabu.
Zilipungua mbili.

Kwenye baraza ya nyumba ya Edo
kijana akasujudu, paji la uso likagusa mkeka:
"Baba mheshimiwa amechoka kwa safari ndefu."
Lafudhi ya Edo tupu, hata chembe ya bondeni kwetu hamna.
Miaka saba tulimwacha; sasa kumi na moja,
ana upanga mfupi kiunoni na kovu la mazoezi shavuni.
Bwana akaingiza mkono ndani ya shati lake pana.
Nikaona kidole gumba kikipapasa, kikituama.
Akautoa mtupu.
"Umekua," akasema. Kijana akasujudu tena.
Mama yake akatazama bustani.

Sasa ni usiku wa manane, nafunga hesabu.
Wachukuzi, mafuta ya taa, dawa ya jino, mto.
Farasi wa mti nimemkuta juu ya daftari langu,
amewekwa kimya, uso kaelekezwa ukutani.
Nimetafuta safu ya kumwandika.
Zawadi? Hakupewa mtu.
Nimechovya kalamu, wino umekauka, nimechovya tena.
Nimemwandika chini ya vitu vilivyoharibika njiani,
baada ya viatu, kabla ya farasi chongo
aliyetufia mlimani siku ya sita.